Mawimbi yanakula chini

Mahali tulipokuwa tukianika ndagala, leo mawimbi yanapita. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda, likaingia katika nyumba za Uvira na Kalemie. Lakini hata ziwa lisipopanda, wimbi linafanya kazi yake kila siku.

Bahari ina maji kujaa na kupwa. Ziwa letu linategemea upepo. Lina urefu wa kilometa karibu 670, kwa hiyo upepo wa kusini wa kiangazi unasukuma maji safari ndefu, na mawimbi yanafika na nguvu. Yanapiga ukingo chini na kutoa udongo. Juu majani bado yapo, tunaona ni pazima, kumbe chini ni tupu. Siku moja panaanguka.

Mchanga ndio ngao yetu. Penye mchanga mpana, wimbi linachoka kabla ya kufika nyumbani. Matete nayo yanalipunguza nguvu na kushika udongo. Tunajua ndoo ya mchanga inanunua unga wa watoto. Lakini tukiumaliza mchanga wa mbele ya nyumba, tunalifungulia wimbi mlango.

Basi tusaidiane: tuyaache matete, tusichimbe mchanga karibu na makao, na anayejenga ajenge mbali na maji. Na leo hii, tuwakataze watoto kucheza chini ya ukingo au kukaa juu yake. Nyumba inajengwa tena; mtoto harudi.