Mbegu ya Septemba huwekwa mwezi wa sita



Sisi wa Idjwi, kisiwa cha katikati ya ziwa Kivu, tuna mashamba madogo kwenye miteremko. Mwaka wetu unafuata mvua. Mvua ikirudi mwezi wa tisa tunapanda maharagi, tunayavuna kuelekea Noeli. Mwezi wa pili au wa tatu tunapanda tena, na mwezi wa sita tunavuna. Kisha kiangazi kinaingia. Tunaishi kwa mihogo, ndizi na sambaza wa ziwa.

Shida iko hapa. Mwezi wa sita maharagi ni mengi, bei iko chini, nasi tunauza yote. Mwezi wa tisa masomo yanaanza: watoto wanadai madaftari, wa sekondari wanadai minervali, na shamba nalo linadai mbegu. Sokoni bei imekwisha kupanda. Mama anapanda nusu ya shamba, na mwezi wa kumi na mbili anavuna nusu ya chakula.

Basi tutenge mbegu siku ileile ya kupura, kabla mnunuzi hajafika. Tuchague punje nzima zisizo na matundu. Tuzianike mpaka ukiuma moja ipasuke, isibonyee. Tuzichanganye na jivu la kuni lililochekechwa, tujaze bidoni mpaka mdomoni na kuifunga kabisa. Wadudu wakikosa hewa wanakufa.

Na katika kikundi, kila mama awaonyeshe wenzake bidoni yake. Ni vigumu kuuza mbegu ambayo wenzako wote wameiona.