Askari wa Plastiki na Bao Letu

Mtu mzima akionekana hapa visiwani ameketi mezani usiku, brashi mkononi, akimpaka rangi askari wa plastiki asiyezidi urefu wa kidole gumba, bila shaka atachekwa. Tutasema amerejea utotoni. Lakini huko Uingereza wako watu wa makamo wanaozimalizia jioni zao katika kazi hiyo, wala hawaoni haya.

Kazi yenyewe si ya mzaha. Askari hao hununuliwa vipande vipande, vikiwa vimeshikana na fremu. Mwenye nao huvikata kwa koleo ndogo, akakwangua makovu kwa kisu, kisha akaunga mikono, vichwa na silaha kwa gundi inayoyeyusha plastiki kidogo hata vipande vikawa kitu kimoja. Hutangulia rangi ya msingi ili nyingine zishike. Rangi huzimuliwa kwa maji, kwani tabaka mbili nyepesi ni bora kuliko moja nzito inayofukia macho na vifungo. Rangi ya majimaji huingia katika mikunjo ikawa kivuli. Mwisho brashi kavu hupitishwa juu ya kingo ili zing'ae. Jeshi moja huhitaji makumi ya askari. Likitimia, hupambanishwa mezani na jeshi la mpinzani kwa kanuni, dadu na utepe wa kupimia.

Asili ya mchezo ni ya kivita kweli. Mwaka 1824 jeshi la Prussia lilipokea mchezo wa Luteni von Reisswitz ili kuwafundishia maofisa. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za vita vya askari wa kuchezea, akiviona bora kuliko vita vya kweli. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikaikumba dunia.

Lililotugusa zaidi ni hili. Kampuni ya Games Workshop, inayotawala biashara hii leo, ilianzishwa London mwaka 1975 na vijana watatu. Hawakuanza na askari. Walianza kwa kutengeneza mbao za michezo, miongoni mwao mbao za mankala, yaani jamii ile ile ya bao letu. Mwaka 1983 wakaja na mchezo wa Warhammer, na Desemba 2024 kampuni ikaingia katika orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London.

Sisi bao tunalo barazani, na mafundi wa kulichonga tunao. Hatudai kwamba kila mtoto achongaye kidau cha kuchezea atatajirika. Tunalosema ni kwamba mkono uliozoea kumaliza kitu kidogo kwa uangalifu hauogopi kikubwa, na mkono huo haupatikani kwa kukariri.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa elimu wazipe kazi za mikono saa na vifaa katika skuli zetu, na mafundi waalikwe kufundisha. Nasi wazazi tusimpokonye mtoto kisu na ubao kwa kudhani anapoteza wakati. Tumwoneshe namna ya kukishika asijikate. Wala hatuna haja ya kuiga askari wa plastiki. Wazee wetu wa bahari walituusia tusisafirie nyota ya mwenzetu.