Nauli ya Usiku: Fedha za Simu na Safari ya Mama Mjamzito

Kwa miaka mingi, katika vijiji vilivyo mbali na barabara kuu, swali la kwanza lililozuka pale mama mjamzito alipozidiwa usiku halikuwa la kitabibu. Mkunga wa zahanati alikuwa amekwisha kuona kwamba uchungu umepita saa zake, au kwamba damu haikomi, na barua ya rufaa ilikuwa imeandikwa. Mara nyingi hata gari lilikuwapo kijijini: pengine la mfanyabiashara wa mazao, pengine Noah ibebayo abiria siku za gulio. Kilichokosekana ni jibu la dereva aliyeamshwa usingizini na kuuliza, nani atalipa nauli?

Ni rahisi kumlaumu dereva huyo, na wahudumu wengi wa afya wamemlaumu. Lakini hesabu zake zilikuwa za mfanyabiashara yeyote mdogo. Gari si lake. Kila jioni anatakiwa kumpelekea tajiri wake hesabu ya siku. Mafuta hununuliwa kwa fedha taslimu. Safari ya usiku humrudisha na gari tupu, kwa njia mbovu, pengine na gurudumu lililopasuka. Tena alijua kwa uzoefu kwamba akimbeba mgonjwa kwa ahadi na mgonjwa akafariki, hatapata uso wa kwenda kudai nauli matangani. Kwa hiyo alitaka fedha mkononi kabla ya kuwasha gari. Upande wa pili, familia ilikuwa na mali lakini haikuwa na fedha. Mume yuko machimboni au mjini, akiba iko kwenye magunia ya mahindi, na hakuna anayenunua mahindi saa nane za usiku. Ndugu walikwenda mlango kwa mlango wakichangisha noti mojamoja, huku mama akisubiri juu ya kitanda cha zahanati.

Muda huo wa kuchangisha una uzito wake katika elimu ya uzazi. Mwanamke anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili. Mwenye uchungu pingamizi huenda akaishi siku mbili au tatu, lakini kichwa cha mtoto kinachobana nyonga kwa muda huo huua mtoto, na huweza kuharibu kuta za kibofu na uke hata zikatoboka. Mwaka 1994, Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichapisha uchambuzi uliogawa ucheleweshaji unaoua wajawazito katika hatua tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika penye huduma, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Hakuna mkunga wa leo asiyezijua hatua hizo. Hata hivyo, ile ya pili ilizoeleka kufundishwa kana kwamba ni suala la barabara na magari ya wagonjwa tu. Kwa kiasi kikubwa lilikuwa pia suala la malipo: fedha ilikuwa mahali pamoja, gari mahali pengine, na hapakuwa na njia ya kuvikutanisha kabla ya alfajiri.

Njia hiyo ilitoka mahali ambapo tabibu asingetazamia. Machi 2007 kampuni ya Safaricom ya Kenya ilizindua M-PESA, huduma ambayo majaribio yake ya awali yalihusu marejesho ya mikopo midogo, lakini watu wakaipenda zaidi kwa kutumiana fedha. Mwaka uliofuata huduma hiyo ilianza Tanzania kupitia Vodacom, na kampuni nyingine za simu zikafuata kwa majina yao. Duka la sabuni na sukari likawa pia dirisha la kuweka na kutoa fedha. Mfanyabiashara wa samaki wa Mwanza akaacha kupanda basi na fedha kiunoni. Mabadiliko makubwa kuliko yote, kwa upande wa afya, yalikuwa haya: anayelipa hakulazimika tena kuwapo mahali malipo yanapofanyika. Mume aliye machimboni aliweza kulipia gari lililoegeshwa kijijini. Baadaye ikadhihirika kwamba hata mtu asiyemjua mgonjwa kabisa angeweza kumlipia.

Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuiona nafasi hiyo. Hospitali hiyo ilikuwa ikitibu fistula ya uzazi, yaani lile tundu linaloachwa na uchungu pingamizi, ambalo humfanya mwanamke avuje mkojo, na wakati mwingine kinyesi, mchana na usiku bila kuweza kujizuia. Upasuaji ulitolewa bure. Lakini wengi wa wanawake wenye tatizo hilo walikuwa mikoani, maskini, baadhi yao wameachwa na waume, na safari ya basi hadi Dar es Salaam iligharimu fedha ambazo hawajapata kuzishika kwa mkupuo. Tiba ya bure iliyo umbali wa siku nzima kwa basi haikuwa ya bure kwao.

Mwaka 2009 CCBRT ilianza kutuma nauli kwa M-PESA. Ilijenga mtandao wa watu walioitwa mabalozi: wauguzi, wahudumu wa afya wa vijijini, na wanawake waliokwisha kupona fistula wenyewe. Balozi akimgundua mwenye dalili, aliipigia simu hospitali. Maelezo yakionyesha kwamba huenda ni fistula, hospitali ilituma fedha kwenye simu ya balozi, naye akaenda kwa wakala kuzitoa, akakata tiketi na kumpandisha mgonjwa basi. Mgonjwa alipokewa mjini. Alipofika salama, balozi alitumiwa kifuta jasho kwa njia hiyohiyo.

Mpangilio wa malipo hayo unastahili kutazamwa kwa makini. Nauli ilitangulia, kwa sababu bila nauli hakuna safari. Kifuta jasho kilifuata, kwa sababu kililipia kufika na si ahadi ya kufika. Mfanyabiashara yeyote wa mazao angeutambua mtindo huo mara moja. Hospitali ilikuwa imejifunza kununua safari, na kuinunua kutoka mamia ya kilomita, bila ofisi ya mkoa, bila mhasibu wa wilaya, na bila mgonjwa kuwa na akaunti ya benki. Kwa ugonjwa ambao humfanya mtu ajifiche, ilikuwa na faida nyingine isiyoandikwa katika hesabu: mwanamke hakupita kwa jirani yeyote kuomba mchango na kueleza maradhi yake.

Fistula, hata hivyo, husubiri. Mwanamke aliyeishi nayo miaka saba anaweza kupanda basi la Jumatatu badala ya Ijumaa. Anayevuja damu hasubiri, na hapo ndipo mfumo wa m-mama ulipohitajika. Ulianza kwa majaribio katika Kanda ya Ziwa, ukihusisha Serikali, Vodafone Foundation na Touch Foundation, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua jijini Dodoma uenee nchi nzima. Leo mhudumu wa zahanati, au ndugu wa mama aliye nyumbani, hupiga 115 bila malipo. Simu hupokelewa katika kituo cha uratibu cha mkoa. Mratibu huuliza maswali yaliyopangwa, huingiza majibu kwenye programu ya kompyuta, na programu humsaidia kupima uzito wa hali na kuchagua kituo kinachofaa kumpokea mgonjwa. Gari la wagonjwa likiwa karibu, hutumwa hilo. Lisipokuwapo, mratibu humpigia dereva wa jamii: mwenye teksi au gari la abiria aliyekubaliwa na kusajiliwa mapema, ambaye nauli ya safari yake imekwisha kupangwa.

Dereva huyo ni yuleyule wa zamani. Tajiri wake ni yuleyule na barabara ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba akiamshwa saa nane za usiku hana sababu ya kuuliza nani atalipa. Anajua kiasi, anajua mlipaji, na anajua kwamba akimkabidhi mgonjwa na kituo kilichompokea kikathibitisha, fedha itaingia kwenye simu yake. Hata mgonjwa akiaga dunia njiani, hatadai mtu matangani. Kwa wilaya ambayo isingeweza kununua gari la wagonjwa kwa kila kata, kulipia safari moja inapohitajika ni nafuu kuliko kuweka gari, dereva na mafuta yanayosubiri mwezi mzima. Bila fedha za simu mpango huo usingewezekana, maana nani angemwamini mtumishi wa zahanati kukaa na sanduku la fedha za nauli, na nani angemlinda?

Isidhaniwe kwamba mambo yamenyooka. Fedha iliyo kwenye simu bado haijawa petroli mpaka kituo cha mafuta kikubali kulipwa kwa simu, au wakala apatikane wa kuitoa. Usiku wakala amefunga. Mchana huenda hana floti. Mtandao hupotea, hasa wakati wa mvua, ambao ndio wakati barabara nazo huharibika. Gharama nazo hupanda na kushuka kwa sababu zisizohusiana kabisa na wodi ya wazazi. Tozo ya miamala ilipoanza Tanzania Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa kutegemea kiasi kilichotumwa au kutolewa, familia iliyokuwa ikichangiana kwa simu ili kulipia matibabu iliikuta kwenye kila mchango. Tozo hiyo ilipunguzwa baadaye mwaka huohuo baada ya malalamiko mengi.

Kuna pia wezi. Popote fedha inapotembea kwa simu, tapeli hutembea nayo, na ndugu wa mgonjwa ni windo jepesi kwa sababu wana hofu na haraka. Mtu hupiga akijitambulisha kuwa daktari wa wodini, hutaja dawa inayohitajika mara moja, na kuagiza fedha zitumwe kwenye namba aliyoitoa yeye. Familia zifahamu kwamba malipo ya hospitali za umma hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na hospitali yenyewe, na hayaendi kwenye simu ya mtu binafsi, hata awe daktari kweli. Kabla ya kuingiza namba ya siri, jina la mpokeaji huonekana kwenye simu, lisomwe. Na mhudumu wa afya asiyemwambia ndugu jambo hili siku ya kulaza mgonjwa amemwachia tapeli nafasi ya kulisema la kwake kwanza.

Wanaoshabikia teknolojia hupenda kuzitaja takwimu mbili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya wajawazito na wazazi kwa kila vizazi hai 100,000 nchini Tanzania. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Ni tofauti kubwa inayofurahisha. Lakini m-mama ulizinduliwa kitaifa mwaka huohuo wa utafiti wa pili, wakati makadirio ya aina hii hutazama nyuma miaka kadhaa, hivyo si haki kuupa simu sifa hiyo. Katika kipindi hicho vituo vya afya vingi vilijengewa vyumba vya upasuaji, na wanawake wengi zaidi walijifungulia kwenye vituo. Dereva aliyelipwa vizuri na kufika kwa dakika arobaini hamsaidii mama iwapo hospitali haina damu, au mtoa dawa ya usingizi yuko likizo. Hatua ya tatu ya Thaddeus na Maine haina namba ya kupiga. Tena wodi nyingi sasa zinapokea wagonjwa wa rufaa zaidi ya zamani, usiku zaidi ya zamani, na wauguzi walewale wawili. Safari ikiwa rahisi, msongamano huhamia mwisho wa safari.

Na mwanzo wa safari nao una fundo lake, ambalo halitokani na kampuni ya simu wala hospitali. Katika nyumba nyingi simu ni moja, na ni ya mume. Yeye akienda kuvua au kulinda shamba usiku, simu huenda naye. Mama anaijua 115 lakini hana cha kuipigia, au kipo na betri imekwisha tangu jioni. Kwa sababu hiyo baadhi ya wakunga wamebadili mazungumzo yao kwenye kliniki ya wajawazito. Tangu zamani mpango wa kujiandaa kujifungua uliuliza mambo yaleyale: utajifungulia wapi, nani atakusindikiza, nani atakuchangia damu, umeweka akiba kiasi gani ya nauli. Maswali hayo bado yanaulizwa. Sasa mama anapofikisha wiki ya thelathini na sita, namba 115 huandikwa kwa kalamu nzito kwenye jalada la kadi yake, mume naye huitwa ndani ikiwa amemsindikiza, na mkunga huwauliza wote wawili: usiku, simu hulala wapi, na nani jirani mwenye nyingine?