Je, Wajua? Si Kila Kiumbe wa Kilindini Ameachana na Jua

Mwaka 1977 wanajiolojia waliteremka kwa nyambizi ndogo ya Alvin karibu na visiwa vya Galápagos, kina cha mita 2,500 hivi, kutafuta chemchemi za maji moto kwenye ufa wa sakafu ya bahari. Walizikuta zimezungukwa na kome na minyoo wakubwa wenye vishungi vyekundu. Msafara haukuwa na mwanabiolojia hata mmoja. Baadhi ya sampuli zilihifadhiwa kwa vodka! Mnyoo huyo aliyekomaa hana mdomo wala utumbo: hulishwa na bakteria waishio mwilini mwake, wanaotengeneza chakula kwa nishati ya salfidi ya hidrojeni, gesi ile inayonuka kama yai viza.

Je, huo ni uhai usiotegemea jua? Mbishi atasema, na ana haki, kwamba bakteria hao huhitaji oksijeni, ambayo chanzo chake ni mimea na vijimea vya juu vinavyotumia mwanga. Pingamizi hilo linamnasa mnyoo, lakini haliwagusi vijidudu wengine wa hukohuko, wanaounganisha hidrojeni na kaboni dayoksaidi kutoa methani, bila oksijeni kabisa. Hao ndio wanaostahili sifa hiyo. Mnyoo, pamoja na umaarufu wake wote, bado anadaiwa na jua.