Raha Hupungua, Hamu Huongezeka

Mwaka 1941 kampuni ya Dainippon ya Japani ilianza kuuza dawa iliyoitwa Philopon. Ndani yake mlikuwa na methamfetamini, kichangamshi ambacho mkemia Nagai Nagayoshi alikuwa amekitengeneza tangu 1893. Wanajeshi walipewa ili wakeshe, wafanyakazi wa viwandani ili wasichoke. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha, akiba iliyobaki ilimwagika sokoni, na vijana wa nchi iliyoshindwa, wengi wao wakiwa hawana kazi, wakaanza kujidunga. Serikali ilipitisha sheria ya kuizuia mwaka 1951. Mwaka 1954 peke yake walikamatwa watu zaidi ya 55,000.

Madaktari wa akili wa Japani, waliowatibu waathirika wa dawa hiyo kwa miongo kadhaa, waligundua jambo linalostahili kufahamika zaidi. Mtu aliyewahi kuchanganyikiwa kwa methamfetamini, akasikia sauti za watu wasiokuwepo na kuamini kwamba anawindwa, aliweza kupona na kuishi miaka bila kuigusa. Siku akionja tena, hata kidogo kuliko alivyozoea, wazimu uleule ulimrudia. Wengine hawakuhitaji hata kuonja: msiba au mfadhaiko mzito ulitosha.

Watu wengi huamini kwamba mwili huzoea dawa, basi. Ni kweli kwamba raha huzoeleka, na mtumiaji hulazimika kuongeza kiasi. Lakini sehemu nyingine za ubongo hufanya kinyume chake: kila dozi huziacha zikiwa nyepesi zaidi kushtuka. Panya anayepewa amfetamini, ndugu wa methamfetamini, kiasi kilekile, kwa kupumzishwa siku kadhaa katikati, huchachawa zaidi kila mara, na hali hiyo hubaki kwa miezi baada ya dawa kusimamishwa.

Kiini cha yote ni dopamini, kemikali ya ubongo. Kwa kawaida seli za neva huitoa pale mtu anapokutana na jema asilolitarajia, kisha vinyonyaji vilivyo kwenye seli hizo huirudisha ndani. Kokeini huviziba vinyonyaji hivyo. Amfetamini huvipenya na kuvigeuza, vikawa vinamwaga badala ya kunyonya. Furiko hilo likijirudia, ubongo hujihami. Picha alizopiga daktari Nora Volkow na wenzake nchini Marekani katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba watumiaji wa kokeini wana vipokezi vichache vya dopamini, hata baada ya wiki kadhaa za kuacha. Chakula, soga na watoto, vyote hupoteza ladha.

Mwaka 1993 Terry Robinson na Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan walitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: kufurahia kitu na kukitamani. Dopamini, walisema, inahusika zaidi na kutamani. Ndiyo maana mraibu anaweza kusema, na akawa mkweli kabisa, kwamba dawa haimpi tena raha na bado hawezi kuiacha. Kumwita mwongo ni kumwonea.

Hamu hiyo hujishikiza kwenye vitu: kijiwe, rafiki, noti mpya mfukoni. Tena haipungui haraka kama tunavyotumaini. Mwaka 2001 watafiti waliripoti kwamba panya waliozoeshwa kokeini waliitafuta kwa bidii zaidi baada ya miezi miwili ya kunyimwa kuliko siku ya kwanza. Arosto, yaani mateso ya siku za kwanza za kuacha, hupita; hamu huweza kuwa ndiyo kwanza inakomaa.

Hata majani ya miraa na mogoka, hiyo ya pili ikiwa ndiyo iliyopigwa marufuku na Kaunti ya Mombasa nchini Kenya mwaka 2024, yana kathinoni, ndugu wa amfetamini. Lakini yasipimwe kwa mizani ileile, kwa sababu jani linalotafunwa taratibu hufikisha kemikali ubongoni polepole, na kasi ya kufika ni sehemu kubwa ya hatari.

Ubongo huponyeka. Mwaka huohuo wa 2001, Volkow alipowapima upya watu watano waliokuwa wameacha methamfetamini kwa mwaka mmoja au zaidi, vinyonyaji vyao vya dopamini vilikuwa vimeongezeka kwa takriban asilimia 16 hadi 19. Kumbukumbu na wepesi wa viungo havikurudi kwa kiwango hicho.

Wanaotumia heroini wana methadoni, inayotolewa katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2011. Kwa kokeini na methamfetamini hakuna dawa mbadala iliyoidhinishwa. Tiba yenye ushahidi mkubwa ni ya kumpa mgonjwa zawadi ndogo, papo hapo, kila mkojo wake unapopimwa na kukutwa safi, sambamba na ushauri nasaha.

Kwa hiyo familia inayompokea kijana aliyetoka nyumba ya upataji nafuu isihesabu wiki. Ipange mwaka mzima. Imbadilishie njia ya kwenda kazini, imwondoe karibu na kijiwe, imshike mkono siku za msiba, na akianguka imrudishe kliniki siku hiyohiyo.