Je, Wajua? Kilo 40 za Utoto

Mtoto wa mbwa aina ya Great Dane huzaliwa na uzito wa nusu kilo hivi. Akifika miezi sita, dume lenye afya laweza kugonga kilo 40, na akikomaa atapita 60. Wengine hufika 80. Yaani ndani ya miaka miwili ameuzidisha uzito wake wa kuzaliwa mara mia na zaidi. Mtoto wa binadamu huchukua miaka 18 kuuzidisha wake mara 20 tu. Matatizo mengi ya kulea mbwa wa mbegu kubwa yanaanzia hapo: mwili unawahi, mengine yote yanachelewa. Mgeni akimwona getini anarudi nyuma, kumbe kibofu, mifupa na akili bado ni vya mtoto. Mwenye nyumba naye husahau, akaanza kumdai mambo ya mbwa mzima.

Je, wajua kwamba somo la usafi lilianza kabla hujamnunua?

Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka baada ya wiki mbili hivi, masikio yakafuata. Wengi hawajui kwamba hawezi hata kujisaidia mwenyewe. Mama humlamba chini ya mkia, mkojo na choo vikatoka, naye akavilamba palepale. Si habari ya kusimulia mezani, lakini ndiyo inayofanya malazi ya jike mwenye watoto tisa yasinuke. Kufika wiki ya tatu mtoto anaanza kujiweza, na akishaweza kusimama anajikokota hatua chache kutoka pale anapolala ndipo achuchumae. Hakuna aliyemfundisha. Usafi wote utakaomfundisha wewe umesimama juu ya hatua hizo.

Na zinaweza kupotea. Mtoto aliyefungiwa kwenye kibanda kidogo kisichofagiliwa, akala na kulala palepale anapojisaidia, huacha kujitenga, na mbwa wa namna hiyo atakusumbua miezi mingi. Ukienda kununua, basi, usimtazame mtoto peke yake. Tazama na sakafu.

Sakafu ina jambo jingine la kukuambia. Kuanzia wiki ya nane au ya tisa mbwa huanza kushikilia aina ya ardhi anayopenda kujisaidia juu yake, na huitambua kwa nyayo. Aliyekulia kwenye saruji atatafuta saruji. Unamfikisha nyumbani, unamtoa kwenye majani, anazunguka, ananusa, anang'ata kijiti, unakata tamaa unamrudisha. Mara anakojoa barazani kando ya kiatu chako. Hana jeuri. Kwake yeye pale ndipo chooni. Chukua kitambaa ulichofutia mkojo huo, kiweke kwenye kona ya uwanja unayoitaka, na kila safari mpeleke kona hiyohiyo mpaka pua imalize ubishi wa nyayo.

Kwa sababu hiyohiyo siyaamini magazeti yanayotandazwa jikoni. Anayefundishwa kukojoa kwenye gazeti anajifunza gazeti, kisha itabidi umfundishe upya kuliacha. Kwa kijibwa cha kilo tatu kinachoishi ghorofa ya nne, sawa. Kwa mnyama ambaye baada ya miezi michache dimbwi lake litahitaji ndoo na dekio, ni kujitafutia kazi mara mbili.

Je, wajua kwamba kibofu kina saa yake?

Wafugaji hutumia hesabu rahisi: umri wa mtoto kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kujizuia akiwa ametulia. Wa miezi miwili, saa tatu, na hapo amebahatika. Akiwa macho na anacheza, ni pungufu zaidi. Chakula nacho kinapoingia tumboni huamsha utumbo mpana ukaanza kusukuma, kwa hiyo choo huja ndani ya nusu saa hivi baada ya kula. Ziko nyakati tatu ambazo hutakiwi kungoja dalili: akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza. Nyakati nyingine mtazame. Anaacha ghafla alichokuwa akichezea, pua inashuka sakafuni, anazunguka mahali pamoja, mkia unanyanyuka kidogo. Hapo unazo sekunde chache, na mtoto wa kilo 20 habebeki kirahisi kama wa kilo mbili.

Kwa haki, mbegu kubwa hazikawii kujifunza kuliko vijibwa. Wafugaji wengi watakuambia vijibwa ndivyo visumbufu. Tofauti ni kwamba kosa la kijibwa unaweza usilione.

Kuna mtego wa kizimba pia. Mtu mwenye busara hununua kizimba cha ukubwa wa mbwa mzima ili asinunue tena, akamlaza mtoto humo, na asubuhi akakuta kona moja imelowa na kona nyingine mtoto amelala amekauka vizuri. Zile hatua chache za wiki ya tatu zimepata nafasi. Kata kizimba kwa ubao, umwachie pa kusimama, kugeuka na kujinyoosha tu, kisha usogeze ubao kadiri anavyorefuka. Usiku lazima aamshwe mara moja au mbili. Asiyetaka kuamka angoje, amchukue mbwa aliyekwisha kukua.

Kumsugua pua kwenye mkojo wake ni mila kongwe isiyo na faida. Mbwa huunganisha tendo na malipo yake ndani ya sekunde chache. Ukimkuta na dimbwi la nusu saa iliyopita, anachojifunza ni kwamba mkojo na mtu vikiwa chumba kimoja kuna hatari. Kuanzia siku hiyo atakojoa nyuma ya kochi. Na yule anayevujisha matone ukimwinamia kumsalimu hafanyi uchafu: anakuonyesha adabu ya kimbwa. Ukimkaripia, ataongeza adabu.

Ukisafisha, epuka dawa zenye amonia. Mkojo wenyewe hutoa harufu ya amonia, kwa hiyo unakuwa umempakia tangazo. Sabuni yenye vimeng'enya hufanya kazi vizuri zaidi.

Je, wajua kwamba wema wa jikoni unaweza kumvunja miguu?

Mwaka 1974 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa Great Dane. Kundi moja liliachiwa kula lipendavyo. Jingine lilipewa theluthi mbili ya kiasi hicho. Walioshiba ndio walioharibika mifupa na viungo. Miaka ya 1980, kule Utrecht nchini Uholanzi, ikaonekana kwamba hata kalsiamu ikizidi huleta balaa. Utumbo wa mbwa mzima hukataa kalsiamu usiyoihitaji. Wa mtoto mdogo hauna mlango huo, unapokea kwa wingi kila unacholetewa, na mifupa inakua vibaya.

Sasa nenda kwenye duka lolote la pembejeo za mifugo useme una mtoto wa Boerboel au German Shepherd. Utauziwa unga wa mifupa au DCP, madini yenye kalsiamu, “ili miguu ikaze,” na jirani ataongezea kwamba maziwa ya unga ni muhimu. Kama mtoto anakula chakula maalumu cha mbegu kubwa, kalsiamu imeshapimwa humo, na kijiko cha ziada ni madhara matupu. Anayelishwa ugali na dagaa ana hesabu nyingine, na hiyo ni ya daktari wa mifugo, si ya jirani.

Wembamba haumdhuru. Utafiti uliotolewa 2002 ulifuata Labrador 48 tangu utotoni hadi kufa. Nusu yao walilishwa pungufu ya wenzao kwa asilimia 25. Waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, nyonga zao zikiwa na nafuu. Kipimo cha nyumbani ni mkono: pitisha vidole ubavuni, mbavu zihesabike bila kubonyeza. Zisipohesabika, punguza bakuli, hata akikutazama kwa macho yale.

Ngazi nazo ni hatari. Watafiti wa Norway waliwafuatilia mbwa wa mbegu nne kubwa, na mwaka 2012 wakaripoti kwamba watoto waliopanda na kushuka ngazi kila siku kabla ya miezi mitatu walikuwa katika hatari zaidi ya ugonjwa wa nyonga, na waliocheza huru kwenye ardhi laini walikuwa salama zaidi. Ncha za mifupa ya mbegu kubwa kabisa huweza kuchelewa kufunga mpaka mwaka na nusu. Kwa hiyo safari za chooni ziwe za kutembea, au abebwe ngazini maadamu mgongo wako unakuruhusu.

Je, wajua kwamba mlango wa urafiki hufungwa mapema?

Bar Harbor, katika jimbo la Maine, Marekani, watafiti waliwaweka watoto wa mbwa ndani ya uwanja wenye uzio mrefu, wakawatoa kukutana na watu katika umri tofauti. Matokeo yalitoka 1961: walioachwa bila mtu hadi wiki ya 14 hawakuzoea watu ipasavyo tena. Tatizo ni kwamba chanjo za mtoto huendelea mpaka wiki ya 16 hivi, na virusi vya parvo, vilivyotambulika mara ya kwanza 1978, hukaa ardhini miezi mingi. Kumfungia ni kumharibu tabia, kumwachia barabarani ni kumtafutia kifo. Njia ya katikati ni kumbeba: asikie pikipiki, aone mwenye mwavuli, watoto wa shule, mama mwenye beseni kichwani, huku miguu haigusi chini. Anza mapema, kwani kwa wiki ya 12 huenda tayari ana kilo zaidi ya kumi.

Chanjo zenyewe si jambo la kukwepa. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa unaozuiwa na chanjo hizo, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani ndio waliokuwa washukiwa wa kwanza. Kichaa cha mbwa sina haja ya kukieleza kwa msomaji wa pande zetu.

Je, wajua kwamba mbwa hutafuta kaskazini?

Watafiti wa Czechia na Ujerumani waliwaandama mbwa 70 wa aina 37 wakiwa na dira mkononi, wakaandika pande walizoelekea katika haja kubwa karibu 1,900 na ndogo zaidi ya 5,500. Usumaku wa dunia ukitulia, mbwa walipendelea kujipanga kwenye mhimili wa kaskazini na kusini. Ukiyumba, mpangilio ukapotea. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Ig Nobel ya 2014, inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza ndipo ufikirishe. Kwa nini wanafanya hivyo, kila mtu na dhana yake. Labda ndiyo yale mazunguko yanayokuchosha ukiwa umeshika kamba alfajiri.

Mwaka uliofuata tuzo ilikwenda kwa wataalamu wa chuo kikuu cha Georgia Tech, Atlanta, waliogundua kwamba wanyama wanyonyeshao wenye uzito wa zaidi ya kilo tatu hukojoa kwa wastani wa sekunde 21, awe mbwa awe tembo. Mnyama mkubwa ana mkojo mwingi, ila mrija wake ni mrefu, na uzito wa maji yanayoshuka humo huongeza kasi.

Great Dane hupita kilo tatu akiwa bado na mama yake, lakini mtoto hukosa subira. Anatoa nusu, kipepeo anapita, anasahau. Ukimsifu kwa sauti wakati bado anakojoa, anakatiza na kukukimbilia, na ile nusu nyingine utaikuta kwenye zulia. Nyamaza mpaka amalize. Kisha mpe kipande cha nyama palepale alipochuchumaa, si mlangoni mkirudi. Akilipwa mlangoni, ataamini kwamba kazi aliyotumwa ilikuwa kuingia ndani.