Mwanahisa mkubwa akiuza, bei huenda wapi?

Habari kwamba mwanahisa mkubwa anauza hisa zake huwafikia wawekezaji wadogo kama tangazo la msiba. Simu za madalali huanza kulia, na wapo wanaotoa amri ya kuuza kabla hawajauliza anayeuza ni nani, anauza kiasi gani na kwa sababu ipi. Katika masoko madogo kama ya Dar es Salaam na Nairobi, haraka hiyo hugharimu. Aliyeuza kwa bei ya hofu huenda asizipate tena hisa zile kwa bei ile.

Hofu yenyewe ina msingi. Mwenye asilimia 20 au 30 ya kampuni kwa kawaida ana mtu wake katika bodi ya wakurugenzi, na huijua biashara kwa ndani kuliko sisi tunaosoma mahesabu yakishachapishwa. Sheria inamkataza kuuza kwa kutumia siri za kampuni, lakini soko haliachi kushuku.

Kuna pia suala la ugavi na mahitaji. Chukua mfano wa kampuni ambayo hisa zake 20,000 hubadilishana mikono kwa wiki. Mwenye hisa milioni mbili akitaka kuzimwaga katika soko la kawaida, atahitaji wiki 100 hata kama kila mnunuzi atanunua kwake peke yake. Akitaka kumaliza mapema ni lazima ashushe bei. Ndiyo maana wakubwa wengi hutafuta mnunuzi mmoja kwanza, wakakubaliana bei, kisha hisa zikapita kwa mkupuo. Mfuko wa Helios, uliowekeza katika benki ya Equity ya Kenya mwaka 2007, ulifanya hivyo mwaka 2014 ulipouza karibu nusu ya hisa zake kwa Norfininvest ya Norway. Mifuko ya aina hiyo hukusanya fedha za watu kwa muda maalumu; muda ukifika ni lazima ivune, hata shamba likiwa bado linazaa vizuri.

Serikali nayo huuza kwa sababu zake, hasa kuziba pengo la bajeti. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom, yaani asilimia 25 ya kampuni, kwa Sh 5 za Kenya kila moja. Watu walipanga foleni, wengine kwa fedha za mkopo wa benki. Biashara ilipoanza Juni 9 bei ilivuka Sh 7. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa chini ya Sh 5, na mwanzoni mwa 2009 ilishuka chini ya Sh 3. Kampuni yenyewe haikuwa imefilisika wala kukaribia. Soko lilikuwa limemwagiwa hisa nyingi kwa mara moja, waliokopa walitaka kutoka haraka, na msukosuko wa fedha duniani ukawaondoa wageni. Aliyenunua kwa akiba yake aliweza kusubiri. Aliyekopa hakuwa na nafasi hiyo.

Kisa cha Kampuni ya Bia Tanzania (TBL) kilikwenda kinyume kabisa. Kampuni ya bia ya Kenya, EABL, ilikuwa na asilimia 20 ya TBL. Mwaka 2010 ilinunua asilimia 51 ya Serengeti, mshindani wa TBL katika soko hilo hilo la Tanzania. Tume ya Ushindani haikuweza kukubali mtu mmoja awe na mguu katika kila kiwanda, hivyo EABL ikatakiwa iachie TBL. Mwaka 2011 hisa 58,985,693 zikauzwa kwa umma kwa Sh 2,060, mauzo ya takriban Sh bilioni 121.5.

Hapa sababu ya kuuza haikuhusu hata kidogo afya ya TBL. SABMiller, mwenye hisa nyingi kuliko wote, hakuondoka. Mwaka 2014 hisa ile ile ilikuwa imepita Sh 10,000. Sitasema mauzo ndiyo yaliyoipandisha. Ninachosema ni kwamba aliyeona "mkubwa anakimbia" akauza za kwake, alisoma nusu ya habari.

Nusu ya pili imo katika waraka wa matarajio, ambao kwa bahati mbaya wengi huutumia kufungia maandazi. Humo huelezwa fedha zinakwenda wapi. Hisa za zamani zikiuzwa, fedha zote humwendea muuzaji na kampuni haipati hata senti. Hisa mpya zikitolewa, kampuni hupata mtaji lakini fungu lako la umiliki hupungua usiponunua.

Jambo la mwisho la kumuuliza dalali ni hisa zilizobaki. Muuzaji akimaliza zote, shinikizo limeisha. Akibakiza fungu kubwa bila kufungwa na ahadi ya kutouza kwa muda fulani, wanunuzi huogopa kupandisha bei, kama wafanyabiashara wa mahindi wanaojua kuna ghala jirani limejaa na mwenyewe ana shida ya fedha. Serikali ya Kenya ilipomaliza mauzo yale ya 2008, ilikuwa bado na asilimia 35 ya Safaricom mkononi.